Saa ya Kufunga Duka

Phillips, Minneapolis,
Minnesota.
Alhamisi, 8 Mei 2025

Mpendwa Dada Lubna,

Shikamoo, dada yangu. Nakuamkia kwa mikono miwili kama Baba alivyotufunza, ijapokuwa mikono yenyewe iko mbali na imepasuka kwa baridi. U hali gani? Goti je? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi kwa kukaa kitako, moja baada ya moja, nikacheka sana, kisha nikakata simu nikalia. Na presha? Dawa unameza mwenyewe au bado unawagawia majirani?

Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Theluji imekwisha, miti imetoa majani, na watu wa huku wamevaa kaptura kama waliofunguliwa jela. Mimi koti sijalivua. Baridi ya nchi hii ikishakuingia mifupani ni mgeni asiyeaga.

Kibanda changu cha saa kiko palepale sokoni, katikati ya muuza manukato na muuza simu. Siku hizi ni nani avaaye saa? Wanaokuja ni wazee wanaotaka betri, na mmoja mmoja anayeleta saa ya marehemu wake. Huyo hataki itembee, anataka tu kuambiwa kwamba haijafa. Nami humwambia haijafa. Mara nyingi huwa nasema uongo.

Nimeshika kalamu badala ya kukutumia sauti kwa simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba na mwanao Farhan hulala chumba cha pili. Tena sauti yangu ungeijua mara moja kwamba inaficha jambo. Barua anakuletea Alice, yule muuguzi jirani yangu wa ghorofa ya juu. Anaondoka kesho, atapita kwao Kisumu kwanza, kisha ateremke Mombasa kwa treni katikati ya wiki. Mpe chai na mahamri, na tafadhali usimuulize mbona hajaolewa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana naona nalizunguka kama paka na uji wa moto.

Ile sauti uliyonitumia Ramadhani bado ninayo. Ulisema, "Kibibi, nilikupa mwanangu ana miaka kumi na minne. Sasa naambiwa anajitupa kutoka kwenye ndege. Mzuie." Dada, nimeisikiliza mpaka naijua pumzi yako kila inapokatika. Umenitwika amana, na amana haina nusu. Nataka ujue nilichofanya, chote, halafu unihukumu.

Alianza kabla ya msimu wa baridi. Aliruka mara chache akiwa ameshikwa na waalimu, mmoja kulia na mmoja kushoto, kisha theluji ikafunga mchezo. Nikadhani ni homa, imepita. Majani yalipoanza kutoka, homa ikarudi. Nikamnunia, hakuona. Nikagoma kula, akaniletea supu. Nikazificha funguo za gari lake ndani ya pipa la mchele. Akampigia Ken, rafiki yake wa kule ghalani Plymouth wanakoendesha mashine za kubebea mizigo, akaja kumchukua. Nikampeleka kwa sheikh. Sheikh alianza vizuri, kwa aya, kwamba tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu. Robo saa baadaye namsikia anamuuliza kama mtu akiwa huko juu anayaona maziwa yote ya Minnesota. Nikajua hapo sina msaada.

Wiki iliyopita akanijia jikoni, mpole, akasema Jumapili hii ataruka bila kushikwa na mtu, na anataka altimita yake mwenyewe. Hicho ni kipimo kinachovaliwa mkononi kumwambia mtu yuko juu kiasi gani kutoka ardhini, ajue wakati wa kufungua parashuti. Ya kuazima imechakaa. Akasema, "Mama mdogo, kwetu sisi ni mafundi saa. Babu alikuwa fundi, wewe ni fundi. Twende ukanichagulie." Nami nikakubali, Dada. Nilijiambia kwamba nikienda huenda nikapata la kumtishia nalo.

Duka lenyewe liko mbali kuipita Maple Grove, kando ya uwanja mdogo wa ndege, mashamba matupu kila upande. Mwenyewe ni mama mmoja wa Kizungu aitwaye Velma, mtu mzima kuliko wewe, nywele nyeupe, mikono ya fundi seremala. Anauza vifaa na ndiye mwalimu pia. Nilitaka nimchukie, nikashindwa, kwa sababu alinipa kiti kabla ya kunisalimu.

Akatandika vitu vya aina tatu mezani. Ya kwanza ina uso wa mviringo na akrabu moja tu. Ya pili haina akrabu, inaandika nambari kama saa za watoto. Ya tatu haivaliwi mkononi, inaingizwa ndani ya kofia na kulia sikioni. Hiyo ya sikio Velma mwenyewe alisema ni ya kukumbusha, si ya kutegemea. Sikuhitaji kuambiwa. Betri nazijua mimi, hufa asubuhi ya Idi wakati fundi amefunga.

Ile ya akrabu ndiyo iliyonishtua. Ni saa, Dada. Ni saa kabisa, yenye nambari moja mpaka kumi na mbili, ila imeng'oka akrabu ndefu ikabaki fupi. Kila nambari ni futi elfu. Ndege ikipanda, akrabu inazunguka kama kawaida mpaka juu penye kumi na mbili. Mtu akianguka, inarudi nyuma. Kumi na moja, kumi, tisa, mpaka sifuri, na sifuri ni palepale penye kumi na mbili, na hapo ndipo ardhi ilipo. Kwa yule mwanafunzi, ikifika katikati ya sita na tano, avute kishikio cha parashuti kilichoko kiunoni. Chini zaidi wamepaka rangi nyekundu, sikuuliza ya nini.

Velma akaigeuza akrabu kwa kifaa chake akaniuliza kwa utani, hapa ni wapi? Ilikuwa imesimama kwenye tano. Nikamjibu bila kufikiri, kumi na moja. Farhan akacheka mpaka akashika meza. Ikabidi tumweleze yule mama kwamba sisi wenzako saa tunaanza kuihesabu jua linapochomoza, kwa hiyo akrabu ikielekea tano sisi tunasema kumi na moja, na ikielekea kumi na moja tunasema tano. Na kwamba tumejifunza hivyo tangu utotoni, Farhan kwa Baba pale dukani Bondeni, amekaa juu ya lile debe, saa zote za ukutani zinamwangalia. Velma hakucheka. Akasema, "Huyu kijana naye?"

Farhan akajibu kwamba yeye huku anasoma kama wao. Na ni kweli, amesomea huku. Akazisoma zote sawasawa, Velma akageuza akasoma, akageuza akasoma. Mama yule akasema haya, apande mikandani tuone.

Wana mikanda inayoning'inia darini ya kufanyia mazoezi. Wakamfunga kifudifudi, miguu juu, mwanao, kama mbuzi anayepelekwa kwenye mizani. Velma akamsukuma, akamzungusha, akawasha feni kubwa usoni pake, akapiga mayowe kwamba kamba imenasa, fanya hivi, fanya vile, kisha ghafla akapaza sauti, uko wapi? Farhan akatupa jicho mkononi akapiga kelele, "Kumi na moja!"

Feni likazimwa. Velma akanigeukia, akaniuliza kijana amesema nini.

Nilimwambia, Dada. Eleven. Akrabu ilikuwa kwenye tano.

Velma akasema taratibu kwamba mtu aliye kwenye tano akadhani yuko kwenye kumi na moja, anajiona ana muda wa kucheza, na hana. Akamuuliza, mara zile nyingine ulijuaje wakati wa kuvuta? Farhan akainamisha macho. Alikuwa akingoja mwalimu amwonyeshe kidole. Yaani mambo yakiwa shwari anasoma Kiingereza, na hofu ikimshika anarudi kwa babu yake. Wakajaribu tena, na tena. Akihofu, kumi na moja.

Wakamvika ile ya nambari. Hakukosea, lakini aliikodolea macho kama anayesoma ujumbe wa mpenzi. Velma akasema wapo wanaoipenda na inawafaa, ila huyu anachelewa, na huko juu kuchelewa ni futi. Akrabu unaitupia jicho tu ukaelewa. Akamfungua mikanda, akamwambia mpaka asome sawa, hapa kwake haruki.

Sitakuficha. Moyo wangu ulipiga vigelegele. Nilisema kimoyomoyo, Baba, Mungu akunawirishie kaburi, umemzuia mjukuu wako kwa saa. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, nikawaza nitakupigia simu jioni hiyohiyo nikwambie lala sasa, amekwama.

Tulikuwa tunaikaribia Maple Grove. Farhan akasema, macho yakiwa barabarani, "Mama mdogo, mi siachi. Velma akikataa, naenda kule Wisconsin. Ken ana-jump huko. Hawaku-test, hawakuning'inizi, wanauliza tu ume-jump mara ngapi. Jumapili nimesha-book likizo."

Nikamwambia, "Na kumi na moja yako?"

"Mungu yupo."

"Mungu yupo, na ardhi ipo."

Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza tangu aanze, unafuata nini huko? Nisamehe kwa kukuandikia jibu lake, nimelibeba siku nne na linanichoma. Alisema, "Huku chini kila mtu ananitaka. Kazini wananitaka, wewe unanitaka, Mama akipiga simu ananitaka nirudi, nioe, nifanye. Kule juu, dakika moja tu, hakuna anayenitaka. Halafu ile saa inarudi nyuma. Ushawahi kuona saa inarudi nyuma? Najihisi narudi."

Nilitaka kumwambia kwamba asiyetakiwa na mtu ndiye wa kuhurumiwa. Nilitaka kumwambia kwamba Baba alipokufa yeye hakuwahi kurudi kumzika, na hakuna kipimo kitakachomrudisha siku hiyo. Sikusema. Nilimwona tu mikono yake kwenye usukani, mikono ya Baba ile ile, vidole vipana, na nikaelewa kwamba sina uwezo tena. Ningeweza kunyamaza, akaenda Wisconsin na kumi na moja yake. Ama niseme, akaruka kwa kusaidiwa na mimi. Njia ya yeye kutoruka haikuwepo. Nimeitafuta, Dada, mpaka leo naitafuta.

Nikamwambia aingize gari kwenye maegesho ya duka moja la vyakula. Nikaivua saa ya Baba, ile uliyonipa siku ya arobaini yake. Nikaisogeza akrabu fupi mpaka katikati ya tano na sita, na ndefu nikaifunika kwa kidole gumba. Nikamwonyesha ghafla, wala sikumuuliza ni saa ngapi. Nilimuuliza, "Hapa Babu anafanya nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Anafunga duka."

"Na wewe?"

"Navuta mlango."

Unakumbuka, Dada? Kumi na moja na nusu, kila siku ya Mungu, Baba akiinua macho kwenye ile saa kubwa, anafuta miwani, anasema, "Vuta, baba, Magharibi hiyo." Na Farhan anarukia ile kamba ya mlango wa bati anaivuta kwa nguvu zake zote, mlango unashuka kwa kishindo mtaa mzima unajua fundi amefunga. Kazi ile hakumwachia mtu. Siku aliyokuwa na surua ulimbeba mgongoni aje avute.

Nilimtazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umeshuka wenyewe mpaka kiunoni, umekunja vidole.

Nikamwambia, "Basi usisome nambari. Ya kwao usisome, ya kwetu usisome. Ukiona akrabu imefika pale, funga duka." Kisha nikasema neno ambalo sijui kama utanisamehe. Nikasema, "Geuza gari."

Velma alimfunga mikanda tena. Akamzungusha kuliko mwanzo, akamrushia maji usoni, akapiga kelele, akageuza akrabu ovyo. Farhan hakutaja nambari hata moja. Akrabu ikifika pale, mkono unakwenda. Isipofika, hauendi. Wakarudia mpaka yule mama akachoka yeye, akasema Jumapili na aruke. Akaniuliza nimemwambia nini. Nikamjibu ni mambo ya dukani kwetu.

Altimita nimemchagulia mimi. Ya akrabu, uso mweusi, akrabu nyeupe, kubwa kuliko zote alizokuwa nazo Velma. Nimeipangusa kioo kwa kitambaa cha Baba. Farhan alinikumbatia palepale mbele ya watu, akacheka kile kicheko chake cha Bondeni ambacho sijakisikia tangu alipoota ndevu, na mimi nikamshika kama mtu anayemsindikiza msafiri.

Usiniambie kwamba nimefanya busara. Wala mtu mwingine asiniambie. Velma aliniambia kuna kifaa kingine mgongoni ambacho mtu akisahau kinafungua parashuti chenyewe. Nikamuuliza kama kina betri. Akasema kinayo. Tangu siku hiyo nikiangalia saa yoyote kibandani naiona inarudi. Naona Magharibi inapita, halafu kumi na moja na nusu, halafu Alasiri, mbio mbio, mpaka saa sita, na saa sita ndiyo ardhi. Kwetu maiti huswaliwa baada ya Adhuhuri. Nimejaribu kuliondoa wazo hili kwa dua na halitoki.

Ken ameniahidi kunipeleka Jumapili. Nitasimama pale uwanjani na koti langu, nikitazama juu kwa macho haya ambayo siku hizi yanahitaji lenzi hata kuona skrubu. Nitakapomwona ni kidoa, au sitamwona kabisa, nitasema, "Vuta, baba." Nitasema kwa sauti, wacha waniite mwendawazimu. Hatonisikia.

Wewe sikukwambia ni Jumapili. Nimeogopa presha yako, na nimeogopa zaidi kwamba ungempigia, ukalia, akaenda juu na kilio chako masikioni badala ya sauti ya Baba. Kwa hiyo nimekuandikia barua inayotembea polepole. Alice atakapobisha hodi kwako, Jumapili itakuwa imeshapita.

Nisalimie Mjomba Shaaban, umwambie miwani yake nimeipata na Alice anayo. Msalimie Raisa na wanawe, na Bi Margaret wa nyumba ya pili ambaye bado ananidai sufuria. Waambie wote sisi huku hatujambo, wala usiwasomee barua. Mungu akupe goti la kupandia ngazi kwa miguu, akuweke, na yule aliye wetu sote wawili amteremshe kwa upole wake, kwa kuwa wangu umekwisha.

Ulinituma nimzuie, Dada, nami nimemfundisha. Unapoisoma barua hii, wewe tayari unajua nilifanya nini. Mimi ninayeiandika sijui.

Mdogo wako akupendaye na akuogopaye,
Kibibi